Mashine Iliyovalishwa Kofia

Mashine ya kufulia iligoma Jumatatu asubuhi, shuka nne na suruali mbili za Baba mkwe zikiwa tumboni mwake. Ilijaza maji vizuri, ikafua vizuri, ikanguruma kama kawaida yake. Ilipofika pale pa kumwaga maji machafu na kukamua nguo, ikasema "ta!" mara moja, kisha kimya. Kimya cha mgeni aliyeulizwa ataondoka lini.

Bi Harusi alisimama mbele yake akasubiri. Kusubiri alikuwa hodari. Ameolewa mwaka wa tatu sasa, amepika vyungu visivyohesabika, na nyumba nzima bado inamwita Bi Harusi kana kwamba keki haijakatwa.

"Imekufa?" Mama mkwe akauliza kutoka jikoni. Sauti yake ilikuwa na huzuni kidogo na matumaini kidogo.

"Haijafa, Mama. Imenyamaza."

"Hata maiti huanza kwa kunyamaza."

Bi Harusi alitazama saa ya ukutani. Mumewe, dereva wa lori, mtu wa kuonekana kwa msimu kama kumbikumbi, ndiye aliyeileta mashine hiyo, ya mtumba lakini nzima, ya kufunguliwa juu kama sufuria. Kabla yake, Jumatatu na Alhamisi zilikuwa siku za kuchutama juu ya mabeseni tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Ilipokuja, aliiwasha asubuhi, akarudi saa sita kuanika. Katikati hapo alikwenda nyumba ya tatu kwa fundi cherehani, kujifunza. Alikwisha kupita vifungo, sasa yuko kwenye kola. Akimaliza kola na mikono ya koti, fundi alimwahidi kumkalisha kwenye cherehani ya pili, ile ya dirishani. Mashine ikifa, beseni linarudi. Beseni likirudi, kiti cha dirishani kinakaliwa na mwingine. Fundi alisema wazi: "Kiti changu hakina subira kama wewe."

Wa kulaumiwa alipatikana upesi. Jumapili, siku moja tu kabla ya mgomo, Mjomba alikuwa ameiingiza ovaroli yake humo.

Mjomba huyu, kaka yake Mama mkwe, alikaa chumba cha uani. Watu walimwita Mjomba Spoku kwa kuwa alitengeneza baiskeli miaka thelathini, na kwake yeye kila kitu duniani ni baiskeli ambayo bado haijafungwa magurudumu. Redio ikikoroma, anatafuta cheni. Mlango ukilia, anauliza breki.

"Ni grisi yako," Mama mkwe akamwambia. "Umeilisha mashine ya watu grisi, sasa imevimbiwa."

"Dada, grisi ni dawa. Mimi mwenyewe napaka magotini."

"Ndiyo maana hujaoa tena. Itengeneze."

Lakini kuna jambo jingine lililotokea Jumapili hiyo hiyo, na hakuna aliyelitaja, kwa sababu lilikuwa jambo jema. Jumapili hiyo mashine ilivalishwa kofia.

Katika nyumba hiyo hakuna chombo kilichotembea uchi. Redio ilikuwa na kitambaa cha kufuma, jagi lilikuwa na kitambaa, friji ilikuwa na ushungi, na mtungi wa gesi ulivaa sketi ya marinda. Mama mkwe alifuma vyote kwa mkono wake. Mashine peke yake ndiyo aliyoinyima. Mwanzoni hakuiita hata kwa jina. Aliiita "hilo dude", akisema dude halijui doa la chai na doa la damu, na kwamba mwanamke asiyesugua hukauka viganja. Miezi miwili alipita pembeni yake kama mtu apitaye nyumba ya mdai wake. Kisha, bila kusema kitu, akaanza kufuma. Rangi ya chungwa na kijani, uzi mnene wa sufu, lastiki kwenye pindo ili ishike kifuniko barabara, na kuzunguka pindo lote vibonge vinane vya uzi, kila kimoja kama limau. Jumapili akaivalisha kofia, akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Haya. Sasa na wewe mwenzetu." Bi Harusi karibu alie. Aliona ameolewa mara ya pili, na safari hii amekubaliwa.

"Ila haivuliwi ovyo," Mama mkwe akaongeza. "Ukivua vua, lastiki inalegea. Funua kifuniko na kofia yake."

Basi Mjomba Spoku akaja na mkoba wake wa spana. Akachomoa waya wa umeme ukutani kwanza, kwa hilo alikuwa na akili. Akailaza mashine kidogo, akagongagonga ubavuni, akatega sikio.

"Pancha," akasema.

"Mjomba, ina tairi?" Bi Harusi akauliza kwa upole.

"Kila kitu kina pancha, binti yangu. Hata binadamu."

Akafungua bomba la kutolea maji, lile la nyuma, bila kumwomba mtu beseni. Maji meusi ya suruali yakamrukia kifuani, yakaruka juu mpaka kwenye kofia. Mama mkwe akapiga ukelele. Ndani ya chujio la bomba Mjomba akavuta nyuzi, kifungo cha shati, kibanio cha nywele, na kitu cheupe kidogo kilichomfanya Baba mkwe, aliyekuwa akitazama kutoka kitini, asimame wima.

"Jino langu!"

Lilikuwa jino lake la bandia, lililopotea majuma sita. Juma la kwanza alimshuku paka wa jirani, la pili akamshuku jirani mwenyewe, na tangu hapo walikuwa hawasalimiani. Kumbe alilisahau mfukoni mwa suruali. Akalisuuza bombani, akalitia mahali pake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita.

"Shemeji," akamwambia Mjomba, "wewe ni daktari."

Kofia ikavuliwa kwa kuwa imechafuka, ikatumbukizwa pamoja na shuka. Mashine ikawashwa upya. Ikafua, ikamwaga maji, ikakamua kwa nguvu mpaka vikombe vya jikoni vikapiga makofi.

"Jino ndilo lililoibana," Mjomba akatangaza, kifua mbele. "Nilijua tu ni pancha."

Alhamisi kofia ilikuwa imekauka, imevalishwa tena. Mashine ikajaza, ikafua, ikasema "ta!"

Safari hii Mjomba aliamua kwamba miguu yake haijalingana, jambo lililokuwa kweli kidogo. Akakata boksi la viatu, akaweka vipande chini ya mguu mmoja, akapima kwa bakuli la maji juu ya kifuniko. Akasafisha kijichujio cha mahali maji yanapoingia, kilichojaa mchanga. Kazi nzuri zote mbili, ila mgonjwa alikuwa na homa, na Mjomba alimkata kucha. Akamalizia na grisi, kisha akaegemea kifuniko kupumzika, akaacha kiganja chake kizima juu ya kofia, vidole vitano vyeusi kama alama za kitambulisho.

Mama mkwe alitazama alama hiyo, akamtazama kaka yake. Mjomba akakumbuka kuwa ana mtu wa kuonana naye mbali.

Kofia ikaingia kwenye maji. Mashine ikakamua bila kinyongo.

"Mmeona?" Mama mkwe akasema wakati wa chai, macho yaking'aa. "Siku zote ikiwa na kofia yangu tumboni, inafanya kazi. Ikikosa, inanuna. Inajua kazi ya mkono, hiyo. Inataka ionje."

"Basi tuifue kila siku," Baba mkwe akasema, akitafuna mkate kwa fujo kuonyesha jino.

"Ichakae? Tazama, chungwa langu limeshaanza kuwa ndimu. Mtu hatoi mtoto wake kafara ili shuka zikauke."

Jumatatu iliyofuata kofia ilivaliwa, mashine ikanuna, na Mama mkwe akatoa hukumu. Bi Harusi alikuwa amepiga magoti akitoa shuka zenye maji kwa bakuli, mikono imejikunja kama zabibu kavu.

"Mwanangu, nimevumilia. Alhamisi ni ya mwisho. Ikigoma, natoa mtambo wake nampa kaka auze chuma, na lile pipa la ndani naweka majani makavu. Kuku wangu mwekundu anatafuta pa kuatamia."

"Kuku, Mama?"

"Jana ametaga kwenye kiatu cha mzee. Ni mama naye, ana heshima yake."

Kuku mwekundu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, shingo upande, akiipima mashine kwa jicho moja kama mpangaji aliyekwisha lipa.

Siku hiyo Bi Harusi alifika kwa fundi cherehani amechelewa saa nzima, kidole kimoja bado kinanuka sabuni. Akakaa na kola yake. Alikuwa ameikata kwa kipimo, ameishona kwa kipimo, na bado kifungo cha shingoni hakikufika tunduni. Kilibaki nyuma kidogo, upana wa punje ya mchele.

"Nilipima mara tatu, fundi."

Fundi, mama mnene mwenye pini mdomoni daima, akaichukua kola, akaifinya kati ya vidole viwili. "Ulipima urefu. Unene je? Nguo mbili na kitambaa kigumu katikati, hizo ni tabaka tatu. Zikikunjwa zinakula nafasi. Ukisahau unene, mwanangu, kifungo kitaliona tundu kila siku na hakitaliingia."

Sindano ya Bi Harusi ilibaki hewani. Mbele ya macho yake hapakuwa na kola tena, palikuwa na kifuniko cheupe, na chini ya ukingo wake kijiulimi kidogo cha plastiki ambacho kila kifuniko kikifungwa huzama kwenye kijitundu mwilini mwa mashine. Alikuwa amekifuta vumbi mara nyingi bila kujiuliza kazi yake. Na kati ya kijiulimi na kijitundu, pindo la sufu, lastiki, na vibonge vinane kama malimau.

"Ulimi haufiki," akasema.

"Kola haina ulimi," fundi akasema. "Kapumzike."

Usiku ule na uliofuata hakulala sawasawa, na si kwa sababu ya mashine. Mashine alikwisha ielewa. Tatizo lilikuwa na miguu miwili na sindano ya kufumia. Atamwambiaje? "Mama, kofia yako ndiyo ugonjwa"? Kazi yote ile ya kufuma, neno lile "mwenzetu", yote yangerudi kuwa "hilo dude", na pengine yeye mwenyewe naye angerudi kuwa hilo dude. Kuivua kwa siri? Mama mkwe alipika mlango wazi, akiitazama ile kofia kila alipogeuza mwiko. Halafu kuficha ni deni, siku ya siku hulipwa. Lakini akinyamaza, kuku anahamia.

Alhamisi akaiwasha ikiwa na kofia yake. Ikajaza, ikafua. "Ta!" Kimya. Kuku mwekundu akasogea hatua mbili.

Bi Harusi akachungulia jikoni. Mama mkwe alikuwa ameinama kuchochea jiko. Akaweka viwiko vyote viwili juu ya kifuniko, akakandamiza kwa uzito wake wote. Vibonge vikabonyea. Ndani kukasikika "tk". Mashine ikashtuka, ikaanza kumwaga maji. Akaachia: ikazima. Akakandamiza: ikaamka. Alitaka kucheka, lakini mashine ikaanza kukamua, na yeye akawa anatetemeka nayo kuanzia kidevu hadi visigino.

"Bi Harusi! Unaikumbatia?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni, mwiko mkononi.

"Ha-ha-ha-pa-na, Ma-ma-ma."

"Unacheka?"

"Si-si-si-che-ki, Ma-ma. Ni-na-na-ongea."

Baba mkwe akaja mbio, Mjomba nyuma yake na spana. Bi Harusi akaachia ili apumue. Mashine ikazima.

"Inafanya kazi ukiiegemea!" Mjomba akapaza sauti. "Nilijua! Baiskeli haiendi bila mtu juu!"

"Hebu," Baba mkwe akasema. Akapanda kigoda, akageuka, akakaa juu ya mashine kwa heshima zote, mikono magotini. Mashine ikanguruma, ikakamua kwa furaha. Mzee akaruka ruka pale juu kama mtu aliye kwenye barabara mbovu, mashavu yakicheza.

"I-na-ta-ka mtu mzi-ma!" akapiga kelele. "I-na-ta-ka he-shi-ma!"

"Shuka, utavunjika kiuno!" Mama mkwe akasema.

"Si-shu-ki! Ni-le-te-e-ni ga-ze-ti!"

Mjomba naye akadai zamu. Alikuwa mwembamba kama jina lake. Alipokaa, vibonge havikubonyea hata kimoja na mashine ikabaki kimya. Alishuka akiwa amenyongea. "Inabagua," akasema.

Baba mkwe akapanda tena. Alifurahi hata akasahau kufunga mdomo, na alipocheka safari hii jino likamruka, likagonga ukuta, likabiringika mpaka miguuni mwa kuku. Kuku akalitazama, akalidonoa mara moja, akaliona halifai.

"Kwa hiyo," Mama mkwe akasema baada ya jino kuokotwa, "kila nikitaka shuka safi, nimpandishe baba yenu juu kama jogoo paani? Jirani akipita dirishani aseme nini? Hapana. Nimesema Alhamisi ya mwisho. Kaka, lete bisibisi."

Mjomba akatoa bisibisi. Kuku akalia kidogo, kama anayeitikia. Bi Harusi aliona kile kiti cha dirishani kikikaliwa na msichana mwingine, mwenye viganja vikavu.

"Mama," akasema, "naomba nikuulize jambo moja, halafu Mjomba aendelee."

"Uliza."

"Mtu akienda kuoga, kofia anaivaa?"

"Anaivua. Swali gani hilo?"

"Hata kama ni nzuri?"

"Ikiwa nzuri ndiyo kabisa, isilowane. Anaivua, anaitundika, akitoka anavaa apendeze."

"Basi, Mama, mimi nawaza. Mwenzetu huyu siku za kufua ndizo siku zake za kuoga. Na sisi tumemwingiza bafuni na kofia yake ya sherehe. Labda anaona haya."

Baba mkwe, bado juu ya mashine, aliacha kupumua. Mama mkwe aliitazama kofia, akavitazama vibonge vilivyobonyea chini ya paja la mumewe, akamtazama Bi Harusi moja kwa moja, kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika kuelewa.

"Mzee, shuka."

Mzee akashuka. Mama mkwe akaingiza vidole chini ya lastiki, akaivua kofia polepole, akaikunguta, akaitundika kwenye msumari wa ukutani. Akafunga kifuniko kwa kidole kimoja. "Tk." Mashine ikaanza kukamua peke yake, bila mzee, bila kiwiko, bila neno.

Mjomba akairudisha bisibisi mfukoni. "Nilikuwa karibu nifike hapo," akasema.

"Kwa hiyo ni kofia yangu," Mama mkwe akasema, akiitazama mashine.

"Sikusema hivyo, Mama."

"Hukusema. Ndiyo maana nimekusikia." Akajifuta mikono kwenye kanga, akanyoosha mgongo, na sauti yake ya hukumu ikarudi. "Sikilizeni nyote. Kuanzia leo, siku ya kufua, mimi ndiye nitakayeivua na mimi ndiye nitakayeivisha. Asiguse mtu mwingine, sijui mmenawa na nini. Bi Harusi, unasimama hapo unangoja nini? Saa tatu imepita. Kola itajishona?"

Bi Harusi alikwenda kwa fundi akikimbia kama mtoto aliyesikia kengele. Siku hiyo kifungo kilifika tunduni. Majuma matatu baadaye alikuwa kwenye kiti cha dirishani, upepo ukimpiga shingoni, na kuku mwekundu alikuwa ameatamia mayai tisa katika mkoba wa spana wa Mjomba, jambo lililosimamisha ufundi wote nyumbani kwa siku ishirini na moja.

Mama mkwe naye hakukaa bure. Jioni moja Bi Harusi alimkuta akifuma kitu kidogo, cha mviringo, kwa uzi ule ule wa chungwa na kijani. Kulikuwa na vitatu vilivyokamilika pajani mwake.

"Nimewaza," Mama mkwe akasema bila kuinua macho. "Kichwani huwa inaona haya, sawa. Lakini sakafu yetu ni baridi, na mtu huoga na kandambili. Hakuna aliyewahi kudhurika kwa soksi."

Jumatatu asubuhi mashine ilikuwa imesimama kwenye vigae vilivyopigwa deki, kichwa wazi, kofia msumarini, miguu minne ndani ya soksi nne za sufu zenye vibonge. Bi Harusi aliiwasha, akachukua mkoba wake wa kushonea, akafika mlangoni. Nyuma yake mashine ilifua, ikamwaga maji, ikaanza kukamua. Kisha akasikia sauti nyororo, shii, shii, shii, kama mtu anayetembea kwa adabu.

Alipogeuka, mashine ilikuwa imetoka ukutani, imeuvuta mpira wake wa maji hadi mwisho, na ilikuwa inaelekea jikoni kumwona Mama mkwe.

Bi Harusi akaweka mkoba chini, akaanza kutafuta swali.